Hasara Kahama, gawio London

Ninatunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Kahama, na kila Juni ikikaribia hasira yangu dhidi ya kodi za migodi huamka. Mteja wangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki anakadiriwa kwa mauzo ghafi. Mwaka akiambulia patupu bado analipa, maadamu aliuza. Kampuni kubwa inatozwa kwa faida, na faida huhamishika.

Ukitaja kodi ya dhahabu, watu hukumbuka dola bilioni 190 ambazo Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu, ilidaiwa mwaka 2017, enzi za mzozo wa makinikia, yaani mchanga wa madini uliosafirishwa nje. Vijiweni kila mtu alikuwa na hesabu ya fungu lake. Mwaka 2019 Barrick, mmiliki wa Acacia, ikakubali kulipa dola milioni 300, ikaundwa Twiga, kampuni ya ubia na Serikali, Serikali ikapata hisa asilimia 16. Mimi nawaambia vijana ninaowafundisha kazi wasome deni lingine, dogo: dola milioni 41.25.

Deni hilo ni la Acacia kabla haijabadili jina, ikiitwa African Barrick Gold, imesajiliwa Uingereza na hisa zake zikiuzwa London. Kati ya 2010 na 2013 iliwalipa wanahisa gawio, yaani mgao wa faida, la zaidi ya dola milioni 400. Migodi yake ilikuwa Tanzania, na kampuni tanzu za huku zilikuwa zikitangaza hasara. TRA, Mamlaka ya Mapato, ikauliza gawio limetoka wapi, ikadai kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye gawio kabla ya kulipwa. Kampuni ikajitetea kwamba yenyewe si mkaazi wa Tanzania kikodi. Baraza la Rufani za Kodi likaikatalia mwaka 2016, Mahakama ya Rufani nayo ikaikatalia mwaka 2020. Deni hilo halikupigiwa ngoma, lakini lilisimama, kwa sababu kila shilingi yake ilikuwa na karatasi.

Sisemi kila hasara ya mgodi ni uongo. Sheria zetu za miaka ya 1990 ziliruhusu gharama za kujenga mgodi zikatwe zote kwa mkupuo, na mikataba ya zamani ikaongeza asilimia 15 juu ya gharama ambazo hazijarudi. Kwa masharti hayo mgodi unaweza kuchimba dhahabu miaka mingi bila kulipa kodi ya mapato, na mkaguzi asipate kosa.

Hapo ndipo ninapobishana na wahasibu wenzangu. Wanasema sheria ikiruhusu, dhambi iko wapi? Nawajibu: nani alikuwa mezani masharti yalipoandikwa? Mkataba wa Buzwagi, mgodi ulio hapa hapa pembeni mwa mji wetu, ulisainiwa London Februari 2007. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alipouhoji bungeni, alisimamishwa ubunge kwa muda. Mwenye duka la vipuri hajawahi kuketi na Waziri kupanga atozwe vipi. Anayejiandikia nafuu gizani, kisha akasema anatii sheria tu, kwangu bado ana deni kwa zahanati isiyo na dawa.

Sasa Buzwagi imefungwa na eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda, lenye nafuu za kodi kwa wawekezaji. Ninataka kila mkataba wa nafuu hizo ubandikwe kwenye ubao wa halmashauri kabla haujasainiwa, na kila mwekezaji atangaze kila mwaka faida aliyopata hapa na gawio lililolipwa na kampuni mama. Diwani wangu nimeshamwandikia barua.