Nilivyochagua matairi makubwa kwa Prado linaloishi kwenye lami

Gari langu ni Toyota Land Cruiser Prado TRJ120, lenye injini ya petroli ya lita 2.7, na kwa sura yake mtu anaweza kudhani kwamba kila wiki linavuka mito. Ukweli ni kwamba maisha yake hasa ni ya lami: Morogoro mjini kila siku, Dar es Salaam kikazi, na barabara kuu ya Iringa kupitia Mikumi na Mlima Kitonga. Kinachonitoa kwenye lami ni safari za nyumbani kwetu Mufindi, ambako ukishaiacha barabara kuu pale Mafinga unakutana na udongo mwekundu usio na huruma miezi ya mvua. Matairi ya zamani yalipokaribia kuwa vipara, nilitaka makubwa kuliko yale ya kiwandani, na sitaficha kwamba nilitaka pia gari lipendeze. Hata hivyo niliamua tangu mwanzo kwamba lami, ambako tairi litatumia karibu umri wake wote, ndiyo itakayosema neno la kwanza kuhusu ukubwa na aina, na matope yatasikilizwa baada ya hapo.

Tairi la kiwandani la gari hili ni 265/65R17, yaani upana wa milimita 265, ukuta wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ukizidisha na kujumlisha, unapata kipenyo cha milimita 776. Mbele yangu kulikuwa na saizi mbili: 265/70R17, yenye kipenyo cha milimita 803, na 285/70R17, yenye milimita 831, ambayo hupendwa na wenye magari yaliyoinuliwa. Saizi ya kwanza inazidi ya kiwandani kwa asilimia 3.4 hivi, na ya pili kwa asilimia 7. Wengi wakisikia ongezeko la milimita 55 hudhani gari litanyanyuka kiasi hicho, ilhali kinachoinua difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, kutoka ardhini ni nusu ya ongezeko tu, kwa kuwa nusu nyingine inabaki juu ya ekseli. Tairi la 285/70 lingenipa milimita 27, na la 265/70 milimita 13, ambazo hazifikii hata unene wa kidole gumba. Mwenye shida ya kugusa mawe kwa chini hawezi kuimaliza kwa matairi peke yake, atafute springi.

Baada ya hapo nilitaka kujua milimita hizo zinalipiwa nini. Spidomita huhesabu mizunguko ya magurudumu, haijui kwamba tairi limekua, kwa hiyo mshale ukisoma 50 gari lenye 285/70 linatembea kilomita 53.5 kwa saa iwapo spidomita ilikuwa sahihi kabisa mwanzoni. Kwa anayepita vijiji vyenye vibao vya 50 na askari wenye tochi za kupimia mwendo, hilo si jambo dogo. Spidomita nyingi, hata hivyo, hutengenezwa zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, na ya gari langu niliipima kwa GPS ya simu kabla ya kubadilisha chochote: mshale uliposimama kwenye 80, simu ilisoma 76. Hapo nikajua kwamba ongezeko la asilimia 3.4 litaufikisha mwendo halisi karibu na 79, na mshale utaendelea kuwa upande wa usalama. Asilimia 7 ingeupitisha.

Kitonga kilikuwa na usemi wake pia. Tairi refu hufanya kazi sawa na kubadilisha uwiano wa gia, kwani kila mzunguko wa ekseli unasukuma gari mbali zaidi, na injini inalazimika kutoa nguvu zaidi kwa mzunguko huohuo. Injini ya lita 2.7 katika gari zito namna hii haina nguvu za kugawa bure. Hata kwa matairi ya kiwandani, gia za otomatiki hupanda na kushuka mara kwa mara kwenye kona za mlima ule gari likiwa na abiria na mizigo. Breki nazo huathirika, kwa sababu gurudumu kubwa na zito ni gumu zaidi kusimamishwa. Mwenye injini ya dizeli yenye turbo anaweza kupuuza sehemu kubwa ya aya hii. Mimi sikuweza.

Fundi wangu na mimi tulipima nafasi kwa vitendo. Tulikata usukani hadi mwisho, kulia kisha kushoto, tukapima kwa rula pengo kati ya tairi la mbele na plastiki ya ndani ya madigadi, hasa upande wa nyuma ulio karibu na fremu, kisha tukarudia gurudumu moja likiwa limepandishwa juu ya gogo ili springi ijikunje. Kwa 265/70 pengo lilitosha bila kugusa kitu. Kwa lile kubwa, ambalo huongeza pia milimita 10 kila upande, fundi hakuhitaji rula. “Mzee, hilo litaingia,” aliniambia, “ila tuinue springi kwanza na tukate plastiki, halafu ukirudi kijijini na mizigo tutasikia limekwangua wapi.” Alinionyesha pia mlango wa nyuma, ambao katika gari langu ndio unaobeba tairi la akiba, na bawaba ambazo zingebeba uzito wa ziada kila mlango unapofunguliwa. Suala la ukubwa likaishia hapo, kwenye 265/70.

Upana sikutaka kuuongeza kabisa. Kwenye lami yenye maji yaliyotuama, tairi pana huelea mapema zaidi kuliko jembamba, na barabara ya kutoka Dar hadi Morogoro wakati wa mvua haikosi madimbwi. Tena imani kwamba upana ndio ushujaa haiungwi mkono na magari yanayofanya kazi kweli: Land Cruiser nyingi za watalii kule Arusha hutembelea 7.50R16, tairi jembamba lenye kimo kinachokaribiana na hilo nililochagua, na zinaingia Serengeti mwaka mzima.

Ikabaki aina. Matairi ya matope, yenye alama ya M/T, yana meno makubwa na mianya mipana inayojisafisha udongo, lakini mianya hiyo ina maana kwamba raba inayoshika lami ni kidogo, breki kwenye lami iliyolowa hudhoofika, na ngurumo yake huchosha masikio safari nzima. Matairi ya barabara, H/T, ni matulivu na hudumu, ila kwenye udongo wa Mufindi meno yake huziba mapema na tairi likabaki laini. Nilichagua A/T, ambayo ni ya kati, na kati ya hizo nikatafuta yale ambayo meno ya katikati yamekaribiana huku ya mabegani yakiwa na nafasi. Pale dukani kijana muuzaji alinisihi sana nichukue yenye herufi LT, yaani ya magari madogo ya mizigo, akisema, “Bosi, haya ni ya kazi, hayapasuki.” Ni kweli kwamba kuta zake ni nene, na kwa anayebeba tani kwenye mawe ningemshauri ayachukue. Lakini ni mazito, magumu kwenye matuta, na huhitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Nilihitaji tu namba ya uzito isiwe chini ya ile ya matairi ya kiwandani: 112, yaani kilo 1,120 kwa kila tairi, ilhali niliyonunua yameandikwa 115, yaani kilo 1,215. Kabla ya kulipa nilipiga tochi ya simu ubavuni kusoma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa tairi lililokaa stoo kwa miaka hung’aa kama jipya.

Nilinunua matano kwa mkupuo, na hili lilivuruga bajeti kuliko jambo lingine lolote. Prado hili huendesha magurudumu yote manne muda wote, likiwa na difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka mawili makubwa sasa na mawili mwezi ujao, difu hiyo inalazimika kufidia tofauti ya mizunguko kila mita unayokwenda, na tairi la akiba la saizi ya zamani lingeleta tatizo hilohilo siku ya pancha.

Upepo niliuanzia kwenye kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kisha nikahakiki kwa chaki: unachora mstari mpana kukatiza meno, unaendesha kidogo kwenye lami iliyonyooka, unatazama chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikibaki katikati na kufutika pembeni, umepungua. Nikiwa Mafinga mvua ikinyesha hushusha hadi 20 PSI hivi, na kompresa ndogo hurudisha upepo kabla sijaikanyaga tena lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo wa barabara kuu hupata joto hadi kuharibika.

Mafuta yaliongezeka kidogo, lakini si kama hesabu ya haraka inavyoonyesha. Odometa sasa huandika kilomita 967 kwa kila 1,000 nilizokwenda kweli, kwa hiyo huzidisha kilomita zake kwa 1.034 kabla ya kugawanya kwa lita. Asiyefanya hivyo atalaumu tairi kwa mafuta ambayo halijala. Namba hiyohiyo naitumia kwenye ratiba ya sevisi. Kila baada ya kilomita 10,000 fundi hukagua alaimenti na kuhamisha matairi, na la akiba linaingia kwenye zamu pamoja na mengine ili yote matano yachakae sawa.