Panga, shoka na misumeno miwili kwenye baridi ya Njabini

Kondakta alilitazama shoka, akanitazama mimi, akalirudia shoka. "Madam, hiyo itaenda buti." Sikubisha. Ila msumeno wa upinde ulikataa kuingia, kwa hivyo kutoka mjini hadi kituo cha Flyover ulisafiri miguuni pangu, meno yamevishwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Baba aliyeketi kando yangu alikunja miguu njia nzima kama aliyeambiwa chini kuna nyoka.

Nilikuwa naelekea Njabini, Kinangop, kulala hemani siku mbili katikati ya Julai. Majirani zangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, waliuliza kama nimefungiwa nyumba. Ukweli ni kwamba kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitazama video za watu wa Kanada na Ufini wakipasua kuni kwenye theluji: shoka linagusa gogo, gogo linafunguka kama ganda la karanga. Nikataka kujua zana zangu nne zitafanya nini kwenye baridi ya kwetu. Kambi ilikuwa shambani kwa mamake rafiki yangu Wambui, upande wa msitu wa Aberdare. Msitu wenyewe ni wa serikali, huendi kukata bila kibali. Lakini Mama Wambui alikuwa na muwati wake ulioangushwa na upepo mwaka jana, akaniambia nikate mpaka nichoke.

Lile la karanga lina sababu. Kule maji yaliyo ndani ya mti huganda, na gogo lililoganda hupasuka kirahisi. Wenyewe hata hushauriana kulipasha shoka joto kidogo kabla ya kazi, maana chuma kikipoa sana makali humeguka. Njabini iko juu ya mita 2,400, lakini Julai yake haigandishi mti. Inaulowesha tu. Manyunyu yalianza saa kumi jioni na sikuyaona yakikoma; gome la muwati likateleza kama sabuni.

Nilitia alama kwenye tawi moja lenye unene wa kikombe cha chai, nikaweka simu ihesabu muda.

Shoka, ambalo ndilo lililonila pesa nyingi, lilianza. Lilitoka dukani butu, na nilikuwa nimelinoa kwa tupa jioni nzima sebuleni. Haikusaidia sana. Mashavu yake ni manono, yanafaa kupasua, si kukata tawi kwa ubavu. Lilidunda. Dakika nne na ushee, vibanzi hadi ndani ya viatu, na lengelenge moja kwenye kidole gumba.

Panga nililitengenezesha Kamukunji, kwa springi ya lori. Fundi alilifua mbele yangu huku akinilaumu kwa kutaka mpini mrefu. Ukilipiga wima halina maana. Ukililaza mshazari, kushoto kisha kulia, linachimba. Dakika tatu.

Msumeno wa upinde: sekunde hamsini. Nilirudia nikidhani nimekosea kuhesabu. Meno yake ni pembetatu tupu, yale ya mti mkavu (ya mti mbichi huwa na jino la kukwangua unga katikati), na moyo wa ule muwati ulikuwa mkavu kabisa. Tena mikono ilikuwa imekufa ganzi, na msumeno hauhitaji shabaha. Shoka linahitaji. Hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Ule wa kukunja, wa mitumba ya Gikomba, hukata unapouvuta, ndiyo maana bapa lake ni jembamba hivyo. Ulikata vizuri mpaka Kamau, kakake Wambui, alipoomba kujaribu. Akausukuma kama anayepasua mbao za kitanda. Sasa una kona. Kamau anasema ulikuwa hivyo toka mwanzo.

Usiku ndio ulionitoa jasho. Nilikuwa na magogo yaliyokatwa vizuri, yote yamelowa nje, na moto unaotoa moshi tu. Nikachukua shoka, nikaanza kupiga kimo kirefu, gogo likiruka huku na huku. Mama Wambui akatoka jikoni na leso kichwani.

"Msichana wangu, unapigana na mti au unapika?"

Akachagua kipande kifupi, akakisimamisha, akaweka makali ya panga juu yake, akagonga mgongo wa panga kwa rungu la kuni. Tap, tap, kikafunguka. Akakigawa tena, na tena, mpaka akafika kwenye moyo mwekundu usioguswa na mvua, akauchonga vijiti vyembamba kama njiti za mishikaki. Panga la dukani nadhani lingepinda. Springi ya lori haikujali. Dakika kumi baadaye tulikuwa na moto wa kuchemshia githeri, na muwati ukishika unashika kweli, ilibidi nirudishe kiti nyuma.

Safari ijayo nabeba panga na msumeno wa upinde, basi. Shoka nililiacha kwa Mama Wambui kama zawadi. Wambui ameniambia linatumika: wanagongea misumari ya ua kwa kisogo chake.