Chumba cha juu, chini ya manjanja

Mwaka 2010 tulikuwa tunakaa Katindo, hapa Goma, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, na kule juu kabisa chini ya manjanja (mabati ya paa) kulikuwaka kachumba kamoja Mama anawekaka gunia ya maharagi na vitunguu. Nikaomba nihamie huko maana chini tulikuwa tunalala watatu na leki zangu (wadogo zangu) wanapiga mateke usiku kucha. Mama akasema sawa, lakini gunia haitoki.

Bon, siku zile nilikuwa nashinda siberi, kule kwa intaneti, naangalia mapicha ya vyumba vya gotiki (mtindo uliotokea kwenye makanisa ya zamani ya Ulaya), kuta nyeusi, mapazia mazito, buji (mishumaa) kila pembe. Nikashuka Birere nikanunua kopo ya rangi nyeusi, haikutosha, nikaongeza masizi ya makala (usijaribu, yalinichafulia mashuka mwezi mzima), na pazia nikashona na kitambaa nyeusi cha bei ya chini. Mama kupanda ngazi kuchota maharagi, nikasikia kimya. Halafu: "We mtoto, nani amekufa hapa?" Buji akazizima zote na vidole vyake, moja moja. Nyumba ya mbao, ningesema nini.

Aliyeniokoa ni muzee mmoja jirani, fundi mbao. Nilimpelekea picha ya dirisha lenye ncha akacheka, akalaza tripleksi chini, akapiga misumari miwili, sentimeta 60 toka huu mpaka ule, akafunga kamba urefu uleule na kalamu mwishoni, akazungusha toka msumari wa kushoto, akahamia wa kulia. Pale mistari ilipokutana ncha ikatokea, sentimeta kama 52 juu ya misumari. "Njo hiyo tu, mtoto wangu, hakuna uchawi."

Nikarudi siberi, safari hii nasoma na maandishi. Kumbe kwenye kanisa la gotiki la Saint-Denis karibu na Paris, miaka ya 1140, tao za ncha ziliwasaidia kupeleka uzito chini zaidi na kupunguza kusukuma kuta pembeni, ukuta ukaweza kufunguliwa, wakaweka vioo vya rangi. Watu walikuwa wanatafuta mwanga, miye niko naziba!

Tukakata mbao upande wa mashariki, nikabandika zile karatasi za plastiki za kufungia zawadi, nyekundu na bluu. Asubuhi ya kwanza jua likaingia likaangukia moja kwa moja juu ya gunia. Mama akapanda na ungo wake, akakaa palepale kuchambua, mikono nyekundu mpaka kwenye kiwiko, miye nataka kulala.

"Sasa mbovu nitaijuaje hapa? Yote imekuwa rangi moja."

Nikabandua kipande kimoja cha bluu, kile cha chini, karibu na ungo.