Siku moja maishani mwangu: mi fundi wa tenti hapa Goma

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya kunawa uso natoka kuangalia juu. Leo kilele cha Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, kinaonekana, kuna moshi kidogo tu, basi kazi ipo. Nakunywa chai haraka natandika bashi, lile turubai la plastiki, uani, ju uwanja wetu ni mawe ya volkano matupu, makali kama chupa iliyovunjika, ukiburuta tenti hapo bila bashi umeitoboa wewe mwenyewe alafu baadaye unalaumu mvua.

Saa mbili kijana mmoja wa kanisa anafika na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tenti mbili juu. "Mukubwa, zote zinavuja, tumelala ndani ya maji." Namuuliza maji yalitokea wapi, anasema juu, juu wapi, hapo anakwama. Mlilala wangapi? Sita. Na zipu? Tulifunga zote, baridi. Eee ndugu yangu, watu sita wanapumua usiku kucha ndani ya nailoni iliyofungwa, nusu ya hayo maji ni yenu! Kacheka, lakini nusu nyingine ilikuwa ni kuvuja kweli.

Saa tatu nazisimamisha, nachukua ile kopo ya kumwagilia maua, naumwagia mshono mmoja mmoja huku kijana yuko ndani na choki, anaweka alama panapovuja. Kitambaa mara nyingi hakina neno, shida ni vitundu vya sindano. Na maji yana ujanja, yanaingia hapa, yanafuata uzi, yanadondoka kule mbali, ndo maana mtu anapaka gundi pale alipoona tone na bado inavuja.

Saa nne kuosha. Sponji, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo sana, hakuna brosi ngumu. Tenti ya kwanza ilikunjwa mbichi, ukiifungua tu harufu inakupiga, na ule utepe wa kiwandani ulioziba mishono kwa ndani unabanduka wenyewe. Bahati, ngozi ya poliyuretani, ile plastiki nyembamba iliyopakwa kitambaa kisipitishe maji, haijaanza kunata kila mahali, ingekuwa hivyo ningemwambia arudi nayo nyumbani, sipendi kula pesa ya mtu bure. Natoa utepe wote, napangusa na alkoli, naacha ikauke.

Tenti ya pili inateleza mkononi kama samaki. Hapo sikimbii. Nabandika kipande cha skochi, utepe wa gundi: ikishika kitambaa kimepakwa poliyuretani, ikianguka kimepakwa silikoni. Imeanguka. Mwaka jana sikupima, muuza duka kaniapia gundi yake inashika kila kitu, nikapaka tenti ya silikoni, ikakauka safi inang'aa, siku ya tatu ikatoka yote nzima kama ngozi ya nyoka. Nilirudisha dola 15 za watu na aibu juu.

Saa saba bugali na sambaza, vile visamaki vidogo, tuendelee.

Saa nane ndo kazi yenyewe. Ya poliyuretani napaka gundi yake kwa ndani, pale utepe ulipokuwa. Ya silikoni nachukua silikoni ile isiyo na rangi ya kuzibia madirisha, nailegeza na dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta mpaka iwe kama uji mwepesi, navuta na seringi bila sindano, napitisha juu ya mshono kwa nje, nasukuma na mswaki wa zamani iingie kwenye kila kitundu. Inanuka siki, ndo maana nafanyia nje, mbali na mbabula, jiko letu la makaa. Nyembamba, alafu nyembamba tena. Ukipaka nene inabaki laini ndani na inashika vumbi.

Saa kumi na nusu, matone. Mimi, mama watoto na jirani tunakimbia na tenti imeshikwa pembe nne kama jeneza, tunazitundika saluni, sebuleni kwetu. Hadi kesho jioni hakuna kugusa, alafu nitapaka poda ya mtoto ili mishono isigandamane ikikunjwa.

Saa mbili usiku hakuna anayeona televisheni, nailoni imefunika kila kitu. Napita na tochi kukagua, pale pembeni chini, urefu wa mtoto wa miaka minne, kuna alama ya kidole katikati ya mshono. Namuuliza kadogo, anaficha mkono mgongoni, kidole kinanuka siki.