Kiti cha maboksi kilichomkalisha mwanangu

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na ushauri ulioniudhi kuliko wote niliopewa ni ule wa kumfukia mchangani. Mchimbie shimo ufukweni, niliambiwa, umtie mpaka kiunoni kila asubuhi, miguu itapata nguvu. Walionishauri ni watu wazima ninaowaheshimu, majirani zetu hapa Tanga, na nia yao ilikuwa njema. Lakini ubongo wa mtoto huyu uliumia alipokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na ndiyo maana misuli yake inakakamaa. Mchanga utaufikiaje ubongo? Anachopata humo ni kilio, na akilia ndivyo anavyozidi kukakamaa.

Kisha tukapewa kiti mwendo cha msaada, cha saizi ya mtu mzima. Mtoto mwenyewe hajafika hata miaka minne. Nikaweka mto huku, khanga zilizokunjwa kule, mto mwingine mgongoni. Kitambo kidogo tu makalio yameshateleza mbele, kichwa kimeanguka nyuma, miguu imepishana. Tukamzungushia mtandio kifuani ili asiteleze. Akateleza hivyo hivyo, mtandio ukapanda mpaka kooni. Nikamtoa mbio na kile kiti sikukigusa tena. Inaniuma mpaka leo nikiona mtoto mdogo amepewa kiti kama kile na watu wanashangilia kwamba amesaidiwa.

Aliyetufungua macho, mimi na wazazi wenzangu, ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Kwanza alituambia tusiache mbeleko, maana mgongoni mwa mama miguu ya mtoto inapanuka na ile hali ya kupishana inapungua. Pili akatuonyesha mkao: makalio yagote nyuma kabisa, nyonga zikunje pembe mraba, magoti vivyo hivyo, nyayo zikanyage kitu. Kimoja kikikosekana, vingine vyote vinaharibika. Tatu akasema kiti cha namna hiyo tunaweza kukitengeneza wenyewe kwa maboksi.

Ufundi huu wa karatasi ulianzishwa Zimbabwe na Bevill Packer, nao umeenea nchi nyingi. Unabandika maboksi tabaka juu ya tabaka kwa uji wa ngano, mistari ya boksi moja ikikingamana na ya jingine, unakandamiza kwa mawe usiku kucha, kisha unakata vipande na kuviunga kwa karatasi. Karatasi hizo zichanwe kwa mkono, mkasi uweke mbali, kwa sababu ukingo uliochanika ndio unaoshika. Watu wengi hukosea kwenye kukausha. Kiti kikiwa kikavu kwa nje, ndani kinaweza kuwa bado na maji, na kwa unyevu wa Pwani kitaota ukungu. Mimi nakigusa kwa shavu: kikiwa cha baridi, kinarudi juani. Halafu nakigonga kwa kifundo cha kidole, mpaka kilie kama ubao. Rangi ya mafuta ni ya mwisho, na mtihani wake ni mtu mzima kusimama juu ya kiti. Vyetu havijavunjika.

Kwa hiyo mwaka mzima wa shirika letu la wazazi unafuata jua. Januari na Februari ni viti, ua mzima umejaa maboksi. Masika yakianza tunaingia ndani kufundishana kulisha: mtoto aketi wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kitokee mbele, na umsubiri ameze. Kumlaza chali na kummiminia uji ni hatari, chakula kinaingia njia ya hewa na nimonia inafuata. Tarehe 6 Oktoba, siku ya mtindio wa ubongo duniani, tunawatoa watoto wote hadharani, na hapo ndipo tunapoona nani kiti kimembana.

Gharama? Maboksi tunaomba madukani, ngano ni kilo chache, kubwa ni rangi. Kiti kimoja kwa kawaida hakifiki elfu ishirini, wakati vya dukani niliambiwa laki kadhaa.

Mwanangu siku ya kwanza alipokaa kwenye chake aliwatazama kuku wa jirani mchana kutwa, kichwa kimesimama. Sasa ana kimeza cha mbele kilichokatwa nusu duara, anashika kipande cha muhogo mwenyewe na kukipeleka mdomoni.

Ukitaka kujaribu, usimpime mtoto kwa macho. Mkalishe mapajani kwa mwenzako, pima kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, kisha punguza vidole viwili ili ubao wa kukalia usimchome gotini. Na kama miguu inapishana, weka gogo dogo la karatasi katikati ya magoti, liwe karibu na magoti kuliko kinena, na ulizungushie kitambaa laini.