Vampaya wenye kiu ya chai

Watu huniuliza mbona narudia kusikiliza kitabu cha Carpe Jugulum kila wakati na mwisho naujua. Ni juu ya chai.

Kitabu ni cha Terry Pratchett, kilitoka 1998, ni cha 23 kwenye Discworld, mfululizo wake wa riwaya za kuchekesha, lakini waeza anzia hapo tu (wale wa kusoma kwa mpangilio mnisamehe). Kuna kaufalme ka milimani kanaitwa Lancre, mfalme amepata mtoto na kwa ustaarabu wake akaalika hadi vampaya kwa sherehe ya kumpa jina, na ukishamkaribisha vampaya ndani ndio basi. Hawa nao ni wa kisasa, wamejizoesha kitunguu saumu, jua, alama za dini, wako tu kama wale jamaa wa suti wanaokuja kukueleza vile shamba lako litaendelezwa. Anayeumia ni Igor, mtumishi wao, yeye anataka mambo ya zamani, buibui na milango ya kulia kwiii, na hicho kithembe chake lazima ukisikie, kukisoma kwa karatasi kunachosha.

Sasa wanamng'ata Granny Weatherwax, yule mchawi mzee mkali, wakijua atageuka awe mmoja wao. Kumbe damu yake imewaingia na yeye mwenyewe yuko ndani! Ghafla majitu yameshikwa na kiu, si ya damu, ya chai, na hawaelewi inatoka wapi. Hapo mimi hucheka kwa matatu hadi konda anageuka.

Labda ni vile nyanya alikuwa akitupigia hadithi za mumiani, Nairobi ya mkoloni, watu wanatoroka wazimamoto eti wanakamata watu wawatoe damu, na hakuna aliyecheka. Kuona wanyonya damu wakiaibishwa namna hii ni raha tupu.

Kuna rekodi ya zamani ya kitabu kikisomwa na Nigel Planer na mpya ya Indira Varma, hii mpya Bill Nighy anasoma tanbihi na Peter Serafinowicz ndiye sauti ya yule mhusika Kifo. Kwa Igor nabaki na Planer. Lakini Agnes, yule mchawi kijana, akianza kubishana na Perdita, nafsi yake ya pili iliyo kichwani mwake, mpe Varma, bila mjadala.

Wale vijitu vya bluu, Nac Mac Feegle, kazi yao wizi na vita, hao nawarudisha nyuma kila mara ndio nishike wamesema nini, na bado kuna mahali naambulia matusi tu.