Tishu Isiyopigwa: Uzoefu Wangu wa Kuchunguza Majeraha ya Ubongo Maabarani

Kuipiga tishu ya ubongo maabarani ni jambo la kufumba na kufumbua. Pistoni inashuka, inarudi juu, basi. Kazi iko baadaye: kuthibitisha kwamba seli zilizokufa zimeuawa na pigo hilo, wala si na baridi, si na ukavu, si na mkono ulioishika tishu vibaya, na wala hazikuwa mahututi tangu jana yake. Sehemu kubwa ya utafiti wangu wa uzamivu ilizunguka swali hilo moja. Naeleza hapa jinsi tulivyolipatia jibu, hasa kwa ajili ya mwanafunzi anayeingia kwenye maabara kama yetu na kukuta matokeo yanayumba bila sababu inayoonekana.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie panya tu. Panya wanatumika, na wametufundisha mengi. Lakini historia ya dawa za majeraha ya kichwa inauma. Mwaka 2004 jaribio la CRASH, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000, lilionyesha kwamba dawa za kotikosteroidi, dawa za kupunguza uvimbe ambazo madaktari walikuwa wamezitumia kwa miaka mingi kwa nia njema, ziliongeza vifo. Waliofariki ndani ya wiki mbili walikuwa asilimia 21.1 ya waliopewa dawa, na asilimia 17.9 ya wale ambao hawakupewa. Mwaka 2014 ikaja zamu ya projesteroni, homoni iliyowasaidia wanyama katika tafiti nyingi. Majaribio mawili makubwa kwa binadamu yakatoka bila manufaa yoyote. Nilipozisoma ripoti hizo nikiwa bado natafuta mada ya utafiti, niliona wazi kwamba tunahitaji mahali pa kuuliza maswali kwa seli za binadamu kabla ya kumfikia mgonjwa aliyelala kitandani hajitambui.

Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Shinya Yamanaka na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwa seli za panya, na 2007 kwa seli za binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma ikawa seli shina, kisha ikaelekezwa kuwa karibu seli yoyote, ikiwemo niuroni, yaani seli ya neva. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Juergen Knoblich, wakifanya kazi Vienna, walikuza vijibonge vya tishu ya ubongo vinavyoitwa organoidi. Mwaka uliofuata kundi la David Kaplan katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, likachapisha tishu ya aina nyingine, iliyojengwa juu ya sifongo ya hariri. Walidondosha uzito juu yake kutoka urefu mbalimbali, wakapima jinsi niuroni zilivyomwaga glutamati, kemikali zinayoitumia kupashana habari, na kubadilika mwenendo wake wa umeme.

Sisi tulichagua hariri. Organoidi ni nzuri mno kwa kuchunguza jinsi ubongo unavyokua, lakini kila moja ina umbo na ukubwa wake, na katikati mara nyingi pana seli zilizokufa zenyewe, kwa sababu oksijeni haipenyi kwa urahisi zaidi ya sehemu ndogo ya milimita ndani ya tishu isiyo na mishipa ya damu. Kwa mtu anayehesabu vifo vya seli, kuanza na kitu ambacho tayari kina vifo katikati ni kujitafutia taabu.

Hariri ina utaratibu wake, na naupenda. Vifuko vya viwavi vya hariri vinakatwakatwa, vinachemshwa kwa nusu saa kwenye maji yenye kaboneti ya sodiamu ili gundi yake itoke. Kinachobaki ni nyuzi nyeupe unazozikamua kwa mikono na kuziacha zikauke. Halafu zinayeyushwa kwenye bromidi ya lithiamu, nyuzijoto 60, kwa saa kama nne, mpaka unapata kimiminika kizito cha rangi ya manjano iliyokolea. Chumvi hiyo ya lithiamu inaondolewa taratibu kwa maji safi. Kisha unamimina hariri juu ya chembe za chumvi ya kawaida zilizochujwa ziwe na upana wa mikromita 500 hadi 600, unaiacha igande, na unaloweka kila kitu majini. Chumvi inayeyuka na kuacha matundu. Umepata sifongo. Unaikata iwe pete yenye upana wa milimita 6, yenye tundu la milimita 2 katikati, unaua vijidudu vyake kwa mvuke, unaipaka polilisini ili seli zishike, ndipo unapopandikiza niuroni na astrosaiti, seli zinazozisaidia niuroni.

Mwisho unajaza kolajeni, protini inayoganda kuwa jeli. Hapa lazima vitu vyote viwe kwenye barafu, kwa sababu kolajeni ikipata joto inaganda kabla hujawa tayari. Unaongeza hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone ukitazama rangi: kutoka manjano kwenda waridi hafifu, na hapo unasimama. Tone moja la ziada na seli zinaungua. Baada ya nusu saa kwenye inkubeta, kabati la joto la kutunzia seli, jeli imeshika, na katika wiki zinazofuata aksoni, nyuzi ndefu za niuroni, zinaanza kutambaa kutoka kwenye pete kuingia katikati. Pete inakuwa na miili ya seli, katikati panakuwa na aksoni tupu, mpangilio unaokaribia ule wa sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo. Mara ya kwanza nilipoziona aksoni hizo chini ya hadubini ya konfokali, zikiwa zimetiwa rangi ya kijani, niliwaita wenzangu wote waje kutazama.

Sasa pigo. Mashine yetu ni pistoni inayoendeshwa kwa umeme. Unapanga kasi, kina na muda wa kukaa chini. Baada ya pigo tunachukua majimaji yanayoilisha tishu na kupima kimeng'enya kinachoitwa LDH, ambacho kwa kawaida hukaa ndani ya seli. Kikionekana nje, maana yake utando wa seli umepasuka. Tuliweka pia tishu linganishi ambazo hazikupigwa. Na hizo ndizo zilizotutoa jasho: LDH yake ilikuwa inapanda karibu sawa na ya zile zilizopigwa. Siku nyingine ilikuwa juu zaidi.

Profesa wetu aliitazama chati kwa muda, akasema, “Nionyesheni kwanza tishu ambazo hamkuzipiga zikiwa zimetulia. Kabla ya hapo sitaki kuona pigo.”

Nilivunjika moyo kidogo, kwa sababu nilikuja kusoma majeraha na sasa nimeambiwa nisijeruhi chochote. Lakini alikuwa sahihi kabisa, na kazi tuliyoifanya baada ya hapo ndiyo ninayoiona kuwa ya thamani kuliko yote niliyoyafanya maabarani.

Tuliivunja safari ya tishu vipande vipande. Kundi moja lilitolewa kwenye inkubeta na kurudishwa, basi. Kundi jingine lilihamishiwa kwenye sahani nyingine na kurudishwa. La tatu lilibadilishiwa majimaji tu. La nne liliwekwa chini ya pistoni bila kupigwa. Kila kundi lilipimwa LDH kabla na baada, na kila tishu ililinganishwa na hali yake yenyewe ya jana, si na wastani wa sahani nzima.

Majimaji yalijitokeza kuwa chanzo kikuu. Tulikuwa tunayabadilisha yote kwa mpigo mmoja ili kupata kipimo kisafi, kama mwongozo wa maabara ulivyoelekeza. Seli zilizozoea mazingira yake, pamoja na vichocheo vya ukuaji ambavyo zenyewe huvimwaga humo, zinajikuta ghafla ugenini. Tena majimaji mapya yakikaa juu ya meza yanapoteza kaboni dioksidi na kuwa na ualikali. Unaliona hilo kwa macho, rangi inageuka kutoka nyekundu ya chungwa kwenda zambarau. Tukaanza kubadilisha nusu tu, na hiyo nusu inalala kwanza ndani ya inkubeta ileile, kifuniko kikiwa kimelegezwa, mpaka ipate joto na hewa inayostahili.

Chanzo cha pili kilikuwa ukavu. Ili pistoni ijue tishu inaanzia wapi, lazima uishushe taratibu mpaka iguse uso wake. Wakati huo tulikuwa tumeyanyonya majimaji yote ili uso uonekane, na tishu ilikuwa inakauka chini ya taa. Tuliacha utando mwembamba wa majimaji, tukaweka sahani juu ya bamba lenye joto la nyuzi 37, na tukapunguza idadi ya tishu zinazotoka kwa awamu moja. LDH ya tishu zisizopigwa ikashuka, ikatulia. Nakumbuka furaha ya kutazama mstari ulionyooka, usio na kitu cha kusisimua hata kidogo.

Kulikuwa na jambo la unene pia, na hili sitaki mtu alipite haraka. Sifongo za hariri hazitoki sawa. Ukipanga pistoni izame milimita 0.6 huku urefu wa tishu mbili ukitofautiana kwa milimita 0.2, tofauti hiyo ni theluthi nzima ya pigo. Moja inaguswa tu, nyingine inasagwa, na kwenye jedwali zote zimeandikwa “zimepigwa”. Tunapima urefu wa kila tishu kwa kamera kutoka ubavuni, tunaweka sifuri ya pistoni upya kwa kila moja, na zilizo nje ya kiwango tunazitumia kwa mafunzo.

Ipi ipigwe na ipi isipigwe huamuliwa kwa kura, na tishu isiyopigwa hupitia kila kitu: inatoka, inawekwa chini ya mashine, sifuri inatafutwa, pistoni inafyatuliwa hewani kando yake ili mtetemo uwe uleule, inarudi. Anayehesabu seli hajui ni ipi. Mwenzetu mmoja anashika orodha ya misimbo na haruhusiwi kuitoa mpaka hesabu ikamilike.

Baada ya hapo pigo likaanza kusema lenyewe. LDH ya tishu zilizopigwa ilipanda saa za mwanzo, na ilipanda kulingana na kina cha pistoni. Chini ya hadubini, aksoni za katikati ziligeuka kama shanga zilizotungwa: uvimbe mdogo, uzi mwembamba, uvimbe tena. Ndani ya aksoni kuna mirija midogo inayotumika kama njia za kusafirishia mizigo. Aksoni ikivutwa polepole huvumilia na kurejea hali yake. Ikivutwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mirija hiyo inakatika, mizigo inakwama, na inajikusanya pale ilipokwama. Kalsiamu nayo inaingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya kiunzi cha seli kutoka ndani. Hili linafanana na kinachoonekana katika ubongo wa watu waliopata majeraha ya mtikisiko mkali, na kuliona likitokea kwenye seli za binadamu mbele ya macho yangu, saa baada ya saa, kulinifanya niwafikirie wagonjwa kwa namna nyingine. Dakika ya ajali imepita, lakini madhara bado yanaendelea kujengeka. Hapo ndipo dawa ingeweza kuingilia.

Watu wa nje ya maabara huuliza kama tishu inaumia. Ni swali la haki na huwa nalijibu bila haraka. Haina vipokezi vya maumivu, na hata ubongo kamili wenyewe hauna. Ni mtandao mdogo wa seli usio na macho, masikio wala mwili. Lakini seli hizo zilianza kwa mtu aliyekubali kwa maandishi kuchangia ngozi au damu yake, na hilo ni deni tunalolilipa kwa kufanya kazi kwa uangalifu. Vilevile tishu yetu haina fuvu linalobana uvimbe, haina mishipa inayovuja damu, haina kinga inayoletwa na damu. Haimwakilishi mgonjwa mzima, na anayeiuza hivyo anawakosea wagonjwa.

Mwezi Januari 2025 Dana Cairns, Ruth Itzhaki, David Kaplan na wenzao walichapisha utafiti uliotumia tishu za jamii hii. Walizipiga mapigo mepesi ya kurudiarudia tishu zilizokuwa na virusi vya hepesi aina ya kwanza vikiwa vimelala. Virusi viliamka, na tishu zikaonyesha mrundikano wa protini ya amiloidi na mabadiliko ya protini ya tau yanayofanana na ya ugonjwa wa Alzheimer. Niliposoma, nilikwenda moja kwa moja kutafuta kundi linganishi: tishu zilizopigwa lakini zisizo na virusi. Hazikuonyesha alama hizo. Ukiliondoa kundi hilo, mtu angeweza kusema ni mapigo peke yake, na asingeweza kukanushwa.

Kwa sasa tunajaribu kuongeza maikroglia, seli zinazosafisha na kulinda ubongo, kwa sababu bila hizo uvimbe wa baada ya jeraha unakosa mhusika wake mkuu. Maikroglia huchokozeka upesi; hata kunyonya majimaji kwa pipeti kwa kasi kidogo kunaziamsha, na LDH peke yake haitoshi kulionyesha hilo, kwa hiyo tunapima pia saitokaini, protini za kupeana taarifa za uvimbe, zinazotolewa. Tumerudi kwenye kazi ileile ya hatua kwa hatua, tishu za kutolewa tu, tishu za kuhamishwa tu, na pistoni imefunikwa hadi pale tishu hizo mpya zitakapotulia.